Pale ambapo nukta haina pa kusimama

Februari 2006, Albion Lawrence, Michael Schulz na Brian Wecht waliweka hadharani makala yenye swali ambalo mimi naliona lina uzito kuliko majibu mengi yaliyotolewa katika nadharia ya nyuzi miaka ile. Ikiwa nafasi iliyojikunja ndani ya ulimwengu haina umbo linaloelezeka kwa jiometri tuliyoizoea, utando wa D unaweza kukaa wapi ndani yake, na usikae wapi?

Naomba msomaji asikimbie kwa sababu ya majina. Neno utando tunalo tangu darasa la biolojia, tuliposoma utando wa seli, na hapa linafanya kazi ile ile ya kutaja kitu chepesi kilichotandazwa. Nadharia ya nyuzi inasema chembe za msingi si nukta bali ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka, katika ulimwengu wa dimensheni 10: wakati, dimensheni 3 tunazotembea ndani yake, na 6 zilizojikunja tusizoziona. Nyuzi nyingine zimefungwa kama pete, nyingine zina ncha mbili zilizo wazi. Utando wa D ni mahali ambapo ncha hizo zinalazimika kubaki. Herufi D ni ya Dirichlet, mwanahisabati Mjerumani wa karne ya 19 aliyeacha jina lake kwenye masharti ya mpaka ya aina hiyo. Namba inayofuata herufi ni idadi ya dimensheni za utando wenyewe: D0 ni nukta, D1 ni mstari, D2 ni kama shuka, D3 hujaza ujazo mzima. Mwaka 1995 Joseph Polchinski alionyesha kwamba tando hizi si ndoano tu za kufungia ncha. Zina uzito, zina chaji, zinasogea, na bila hizo nadharia haikamiliki.

Nafasi zisizo za kijiometri zimepata bahati mbaya ya jina. Wapo wanaolisikia wakadhani ni vurugu za hesabu zisizo na maana ya kifizikia, basi wakazipita. Wapo wanaolipokea kwa shangwe na kutangaza kwamba nafasi haipo kabisa, ni ndoto ya macho yetu. Nadhani wote wamekosa, na kilichowakosesha ni kuuliza swali lisilofaa. Wanauliza nafasi hii ina umbo gani, kana kwamba kuna mtu anayeweza kusimama nje yake akaitazama. Hakuna. Kilichopo ni vitu vinavyokaa ndani yake, na kila kimoja kina habari yake ya kutoa. Ukimuuliza uzi uliofungwa, jibu moja. Ukiuliza utando wa D, jibu jingine, na kwa maoni yangu jibu la utando ndilo lenye undani zaidi.

Tuanze na uzi uliofungwa. Mweke kwenye duara lenye nusukipenyo R. Anaweza kufanya mambo mawili: kukimbia kuzunguka duara, na kujizungushia duara lenyewe kama kamba kwenye mti. Mbio zake huhesabiwa kwa namba kamili n, na nishati yake huwa n gawanya kwa R. Mizunguko yake huhesabiwa kwa namba kamili w, na nishati yake huwa w mara R, kwa vipimo ambavyo urefu wa msingi wa uzi ni 1. Chukua duara la R = 2, n = 3, w = 1. Sehemu ya kwanza ni 1.5, ya pili ni 2, na jumla ya vipeo vyake vya pili ni 6.25. Sasa chukua duara la R = 1/2, ubadilishane namba: n = 1, w = 3. Sehemu ya kwanza ni 2, ya pili ni 1.5, jumla ni 6.25 ile ile. Ni hivyo kwa kila n na kila w. Duara kubwa na duara dogo, kwa uzi uliofungwa, ni kitu kimoja chenye majina mawili. Huu ndio uwili wa T, uliotambuliwa na Keiji Kikkawa na Masami Yamasaki mwaka 1984, na mwaka 1987 Thomas Buscher akaandika kanuni za kuufanya pale nafasi inapokuwa na umbo gumu kuliko duara.

Uzi wenye ncha wazi una tabia nyingine. Hauwezi kubaki umezunguka duara, maana ncha zake zikiwa huru utajifungua tu. Kwa hiyo una mbio lakini hauna mizunguko. Ukigeuza duara kwa uwili wa T, mbio zote zinapaswa kuwa mizunguko, na uzi usioweza kujifungua lazima ncha zake ziwe zimeshikwa mahali. Mwaka 1989 Jin Dai, Robert Leigh na Polchinski walilifuata jambo hili mpaka mwisho, na tando za D zikaonekana. Kinachonivutia hapa ni matokeo yake: utando uliozunguka duara kubwa, ukitazamwa kutoka upande wa duara dogo, ni nukta. Mstari na nukta si viumbe viwili tofauti. Ni utando mmoja ulioitwa kutoka pande mbili za ukuta.

Fikiria jinsi mkeka unavyotengenezwa. Miyaa husukwa kuwa ukili, kisha ukili hushonwa kwa ukili, ubavu kwa ubavu, mpaka mkeka ukamilike. Jiometri ya kisasa hujenga nafasi kwa namna hiyo hiyo: vipande vidogo vilivyonyooka, vikishonwa kwa kanuni zinazosema nukta hii ya kipande hiki ndiyo nukta ile ya kipande kile. Unaruhusiwa kuzungusha, kunyoosha na kupinda, lakini mshono lazima uunganishe nukta na nukta. Sasa, ikiwa nyuzi haziwezi kutofautisha kubwa na dogo, kwa nini tuzizuie zisishone ubavu wa kipande kikubwa na ubavu wa kipande kidogo? Kwa mshonaji wa mkeka hilo ni kosa. Kwa uzi uliofungwa mshono huo hauonekani kabisa. Mwaka 2002 Atish Dabholkar na Chris Hull, na kwa njia yao Simeon Hellerman, John McGreevy na Brook Williams, walijenga nafasi za aina hii. Mwaka 2004 Hull, wa Imperial College London, akazipa lugha ya kuzielezea.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha zinavyofanya kazi. Chukua duara linalopimwa kwa z, na juu ya kila nukta ya duara hilo weka torasi ndogo, yaani umbo la tyubu ya baiskeli, lenye koodineti x na y. Katika mfano huu eneo la torasi hubadilika unapotembea. Mwanzoni ni 1. Ukimaliza mzunguko mmoja ni 1/2, miwili 1/5, mitatu 1/10, kwa kanuni ya 1 gawanya kwa (1 + z²). Ukirudi ulipoanzia unakuta torasi iliyopungua nusu, na hakuna mgeuzo wa kawaida wa koodineti unaoweza kurudisha eneo lililopotea. Uwili wa T unaweza. Torasi yenye eneo nusu, pamoja na uga wa B ulioandamana nayo (uga ambao nyuzi huuhisi kama chaji inavyohisi uga wa sumaku), ni ile torasi ya kwanza kwa jina jingine. Mshono umefungika.

Nafasi hii haikuokotwa hewani. Inatokana na kitu cha kawaida kabisa: torasi ya dimensheni 3 yenye eneo lisilobadilika, iliyojazwa fluksi ya H, yaani badiliko la uga wa B kutoka mahali hadi mahali, yenye ukubwa wa kipimo 1. Igeuze kwa uwili wa T upande wa x, unapata nafasi iliyosokotwa lakini bado ya kijiometri. Igeuze na upande wa y, unaingia kwenye mfano wetu. Kwa kuwa tunajua ilikotoka, tunaweza kuuliza tando zake moja moja.

Mwaka 1999 Daniel Freed na Edward Witten walithibitisha sharti ambalo, kwa mfano wetu, linasema hivi: utando wa D3 hauwezi kuifunika torasi yote yenye fluksi ya H. Uga unaoishi juu ya utando ungelazimika kutimiza mlinganyo usio na suluhisho. Nukta inaruhusiwa, mstari unaruhusiwa, shuka inaruhusiwa. D3 hairuhusiwi. Sasa geuza x na y. D3 iliyokatazwa inapoteza pande hizo mbili na kuwa D1, mstari unaofuata njia ya z huku ukiwa nukta tu juu ya torasi. Mstari huo umekatazwa. D1 iliyofuata z upande wa kwanza, ambayo ilikuwa halali, inaongezewa x na y na kuwa D3 inayojaza kila kitu. Hiyo inaruhusiwa. Mambo yamepinduka: katika nafasi yetu mpya utando unaojaza kote unakaa kwa amani, na mstari mwembamba ndio hauna pa kukaa.

Sababu yake inaonekana vizuri sana kwa njia ya Hull. Badala ya torasi yenye dimensheni 2, weka torasi yenye dimensheni 4: x na y, pamoja na wenzao wa upande wa pili wa uwili. Kila utando, uwe nukta, mstari au shuka kwenye torasi ya kawaida, huchukua nusu kamili ya torasi hiyo pacha, dimensheni 2 kati ya 4. Ukishikwa upande wa x, huwa huru upande wa mwenzake wa x, na kinyume chake. Kwa hiyo nukta na shuka zina ukubwa mmoja, zimelala tu kwa mielekeo tofauti, na mshono uliotutisha unakuwa mgeuzo wa kawaida wa torasi pacha. Swali la nani anaweza kufuata njia ya z linakuwa rahisi: tembeza utando mzunguko mzima, tazama kama umelala kama ulivyokuwa umelala. Shuka inarudi vile vile. Nukta hairudi vile vile. Inarudi ikiwa shuka yenye fluksi juu yake, na mstari uliojengwa kwa nukta hizo hauwezi kuunganisha mwanzo wake na mwisho wake.

Nasisitiza kwamba nukta yenyewe, D0 iliyosimama mahali pamoja, haikatazwi hapa. Ipo, inaweza kusukumwa taratibu kwenye njia ya z. Na safari yake ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Uzito wa D0 katika mfano huu hukua kama kipeuo, yaani mzizi wa pili, cha 1 + z². Mwanzoni ni 1, baada ya mzunguko mmoja ni karibu 1.41, miwili 2.24, mitatu 3.16. Uzi uliofungwa ukimaliza mzunguko unasema nimerudi nyumbani. Nukta inasema bado, na uzito wake ndio ushahidi. Kwake duara la z limekunjuliwa likawa barabara iliyonyooka isiyo na mwisho, na kila kilomita ina alama yake. Mwaka 2008 Eva Silverstein na Alexander Westphal walitumia tabia kama hii, ya utando unaozunguka bila kurudi ulipoanzia, katika ile nafasi iliyosokotwa ambayo ni ndugu ya hii, kujenga mfano wa jinsi ulimwengu ulivyofumuka mwanzoni kabisa.

Si kila mshono hukunjua duara kuwa barabara isiyo na mwisho. Upo mshono unaogeuza pande zote mbili za torasi kwa mara moja, kubwa kuwa dogo na dogo kuwa kubwa. Hapo nukta ikizunguka mara moja inarudi ikiwa shuka, ikizunguka mara ya pili inapata tena umbo la nukta. Kwake duara lina urefu mara mbili ya ule unaoonwa na uzi. Lawrence, Schulz na Wecht walilijumlisha jambo hili: kwa hesabu ya hatua ya kwanza, pale nyuzi zinapogusana kwa udhaifu na urefu wake ni mdogo kulinganisha na nafasi, ulimwengu anaouona utando uliosimama mahali pamoja kwenye njia ni wa kijiometri, torasi juu ya njia iliyofunuliwa mizunguko kadhaa. Soma tena hilo. Ndani ya nafasi tuliyoiita isiyo ya kijiometri, utando unaona jiometri safi. Ndiyo maana jina lenyewe linanikera. Linaeleza upungufu wa macho ya uzi uliofungwa, halafu linaubandika upungufu huo kwa nafasi.

Yupo atakayesema haya ni mazoezi ya wenye muda, kwamba nadharia ingeweza kuzitupa nafasi hizi na kubaki na zile nzuri. Haiwezi. Mwaka 2010 Jan de Boer na Masaki Shigemori walionyesha kwamba tando mbili za kawaida za D4, zikiwa zinashirikiana dimensheni 2 na kutofautiana katika nyingine, zinaweza kujivuta zenyewe na kutoa utando wa ajabu ambao ukiuzunguka mara moja unakuta torasi imegeuka kwa uwili wa T. Viungo ni vya kawaida, vinavyofundishwa katika kila kozi ya nyuzi. Kinachotoka kwenye chungu ni mshono ule ule. Aliyekubali tando za D amekwisha kubali nafasi hizi.

Ukosoaji mwingine una haki zaidi. Mfano wangu wa eneo linalopungua si suluhisho kamili la milinganyo ya nyuzi. Ni kipande cha suluhisho kubwa zaidi, na mambo mengi niliyoyasema ni ya hatua ya kwanza ya makadirio. Zipo nafasi chache za aina hii zinazohesabika kikamilifu, zile ambazo torasi imewekwa kwenye ukubwa maalumu usiobadilishwa na mgeuzo, na katika hizo upande wa kulia na wa kushoto wa uzi hutendewa tofauti, njia iliyofunguliwa na Narain, Sarmadi na Vafa mwaka 1987. Na hakuna chombo cha maabara kilichowahi kugusa lolote kati ya haya. Nayasema kwa sababu makala za sayansi zinazoficha udhaifu wa hoja huwadhulumu wasomaji, hasa vijana wanaotaka kuingia kwenye fani.

Udhaifu huo unazidi pale tunapochukua hatua ya tatu. Tumegeuza x, tumegeuza y. Imebaki z. Kanuni za Buscher zinadai kwamba nafasi isibadilike unapotembea upande unaotaka kuugeuza, na yetu inabadilika, ndiyo iliyokuwa hadithi nzima ya 1, 1/2 na 1/5. Kwa hiyo kanuni hazituruhusu. Lakini mwaka 2005 Jessie Shelton, Washington Taylor na Wecht waliangalia milinganyo ya dimensheni 4 inayobaki baada ya kukunja nafasi hizi, wakaona kwamba inakosa ulinganifu wake mpaka uongeze mgeni wa nne. Fluksi ya H, kisha msokoto, kisha fluksi ya Q ambayo ndiyo mfano wetu, kisha fluksi waliyoiita R.

Mpe R nafasi kwa dakika moja, uulize swali letu lile lile. D3 ilikatazwa pale mwanzo. Geuza pande zote tatu: D3 inapoteza x, y na z. Inabaki D0. Utando uliokatazwa katika nafasi ya R ni nukta.

Katika nafasi ya Q nukta ilisimama, ikatembea, ikatueleza urefu wa barabara yake. Katika nafasi ya R hakuna hata mahali pa kuiweka. Hapa, na hapa tu, ndipo ninapokubali neno lisilo la kijiometri kwa moyo mmoja, kwa sababu jiometri yote tangu Euclid inaanza kwa nukta. Wanahisabati walikuwa wamefika karibu na mlango huu kwa njia nyingine: Peter Bouwknegt, Keith Hannabuss na Varghese Mathai walipata torasi ambazo ukizidisha vitu vitatu juu yake, jibu linategemea umeweka mabano wapi. Mwaka 2010 Ralph Blumenhagen na Erik Plauschinn, na Dieter Lüst wa Munich, wakaona dalili ya tabia hiyo hiyo kwenye koodineti za nyuzi zilizofungwa. Mahali palipo na nukta, kuzidisha thamani tatu za nukta hiyo hakujali mabano. Mabano yakianza kuwa na maana, nukta imeondoka.

Hata hivyo katazo la Freed na Witten lina mlango wa nyuma, na Juan Maldacena, Gregory Moore na Nathan Seiberg waliueleza mwaka 2001. D3 inaweza kuifunika torasi yenye fluksi ya H mradi isiwe peke yake: tando za D1 zitoke nje ya torasi na kuishia juu yake, idadi yake ikiwa sawa na ukubwa wa fluksi. Ukikubali hatua ya tatu, ugeuze picha hiyo pande zote tatu. Kila D1 inaongezewa x, y na z, inakuwa D4 iliyoenea kwenye nafasi yote iliyojikunja na kutokeza nje yake. Nukta inaruhusiwa kuwepo katika nafasi ya R ikiwa tando hizo zimeungana nayo. Fluksi ikiwa 1, nukta moja inahitaji D4 moja. Fluksi ikiwa 5, inahitaji 5.